Je, Wajua? Jiwe Linalonasa Amonia na Maji ya Nairobi Yanayopita Ukambani

Je, wajua kwamba majitaka ya Nairobi hupita Makueni na Kitui kabla ya kufika Bahari ya Hindi? Mto Nairobi ukishapokea maji ya mito ya Mathare na Ngong huingia Mto Athi mashariki ya jiji. Athi hushuka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako povu jeupe la sabuni huonekana likielea chini ya miamba. Kutoka hapo unaambaa mpakani mwa Makueni na Kitui, unaingia Tsavo, unaitwa Galana, na ukikaribia Malindi unaitwa Sabaki. Mtambo mkubwa wa majitaka wa jiji, ule wa Dandora ulioko Ruai, ulijengwa uweze kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Maji hayo hutuama kwenye mabwawa mapana, jua na vijidudu vikafanya kazi yao, kisha yanaachiliwa mtoni. Juu yake kuna yale yasiyofika Ruai kabisa, ya mitaa isiyo na mabomba ya majitaka na ya viwanda visivyojali.

Mama wa Mavindini anayeteka maji ya Athi, na mkulima wa ng'ambo ya Kitui anayemwagilia sukumawiki na nyanya kwa pampu ndogo ya petroli, hupokea kile kilichobaki. Ndiyo maana habari ya jiwe linaloitwa zeolaiti inawahusu watu wa Ukambani kuliko inavyomhusu mwenye kuuza madini.

Je, wajua kwamba jiwe hili lilijulikana kwa tabia yake motoni? Mwaka 1756 Axel Fredrik Cronstedt, mtaalamu wa madini wa Sweden, aliliweka kwenye moto mkali naye akaliona likitoa mvuke na kutokota. Maji yalikuwa yamejificha ndani ya jiwe lililoonekana kavu kabisa. Jambo hilo unaweza kulishuhudia mwenyewe kinyumenyume. Chukua punje za zeolaiti zilizokaushwa, uzitie kwenye bilauri ya maji, nawe utaona mapovu madogo yakipanda mfululizo, maana maji yanaingia na hewa inafukuzwa. Ukiwa umeshika bilauri, kiganja kitahisi vuguvugu. Jiwe likinywa maji hutoa joto.

Siri iko kwenye umbo lake. Zeolaiti imejengwa kwa silikoni, aluminiamu na oksijeni zilizoshikana zikafanya vyumba na vijia, mfano wa sega la nyuki, ila ni vidogo mno: vijia vya zeolaiti iitwayo klinoptilolaiti vina upana wa nanomita 0.4 hivi, ilhali unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kila mahali aluminiamu ilipokaa, fremu hiyo hubaki na chaji hasi. Chaji hasi huvuta chaji chanya, kwa hiyo sodiamu, potasiamu, kalisiamu na magnesiamu hukaa humo vyumbani bila kufungwa. Akija mgeni anayependwa zaidi, mwenyeji hutoka na mgeni huingia. Kwa klinoptilolaiti, amonia ya majitaka (ikiwa katika hali yake ya chaji chanya, iitwayo amoniamu) hupendwa kuliko sodiamu, kalisiamu na magnesiamu. Risasi nayo hunaswa vizuri. Ni biashara ya kubadilishana, si uchujaji wa kawaida wa kuzuia takataka.

Amonia si jambo dogo. Huua samaki. Vijidudu vinapoigeuza kuwa naitreti hula oksijeni ya mto. Katika bwawa, nitrojeni na fosforasi hulisha mwani na gugumaji. Na mtambo wa kusafisha maji ya kunywa ukipokea maji yenye amonia nyingi, klorini inayotiwa kuua vijidudu huishia kupambana na amonia kwanza, hivyo gharama hupanda na usalama hupungua.

Je, wajua kwamba yote haya yanaelekea kwenye bwawa moja? Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mahali Mto Thwake unapoungana na Athi, limepangwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Maji yake yanatarajiwa kunywewa Makueni, Kitui na kwenye jiji jipya la Konza, kumwagilia mashamba na kuzalisha umeme. Bwawa ni maji yaliyosimama. Kile ambacho mto unaotiririka hukisukuma mpaka baharini, bwawa hukihifadhi. Kwa maoni yangu hili ndilo swali kubwa la Thwake, kubwa kuliko urefu wa ukuta na wingi wa saruji: nani atasafisha maji huko juu kabla hayajafika?

Je, wajua kwamba watu wa Tikal, mji wa Wamaya uliomo Guatemala ya leo, walisafisha maji kwa zeolaiti zaidi ya miaka 2,000 iliyopita? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walitangaza mwaka 2020 kwamba katika bwawa moja la mji huo walikuta chembe za zeolaiti na kwatzi ambazo hazikuwa za udongo wa hapo. Zilibebwa kutoka mbali zikawekwa kwa makusudi.

Nasi tuna chujio letu. Kitui na Makueni ni nchi ya mito ya mchanga na mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hujengwa kukinga mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya punje ambako jua haliyafikii. Shirika la SASOL la Kitui, na kule Utooni vikundi vilivyoongozwa na Joshua Mukusya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walijenga mabwawa hayo mengi kiasi kwamba wageni huja kujifunza kutoka nchi za mbali. Mchanga hunasa matope na hupunguza vijidudu. Amonia iliyoyeyuka na madini mazito, hayo ni kazi ya zeolaiti.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ni mojawapo ya mahali ambapo sayansi ya zeolaiti ilijifunziwa? Mwanajiolojia Mmarekani Richard Hay alichunguza kwa miaka mingi Bonde la Olduvai huko Tanzania, pale pale Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Hay alionyesha kwamba majivu ya volkeno yaliyoangukia ziwa la kale lenye magadi yaligeuka taratibu kuwa zeolaiti za aina mbalimbali. Mwaka 1976 Surdam na Eugster walichapisha habari kama hiyo kuhusu Ziwa Magadi, Kenya: majivu ya volkeno yakikutana na maji yenye magadi huzaa zeolaiti, na sodiamu ikizidi, zeolaiti ya kwanza hugeuka kuwa nyingine.

Ziwa hilo lina maajabu mengine. Mwaka 1967 Eugster alitangaza madini mawili mapya kutoka Magadi na kuyapa majina magadiaiti na kenyaiti. Hayo si zeolaiti, lakini ni nadra nchi kuwa na jina lake kwenye orodha ya madini ya dunia.

Mapishi basi yanajulikana: majivu ya volkeno, maji yenye magadi, na muda mrefu. Hapo ndipo jiolojia ya Ukambani inapokuwa na la kusema. Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni imekalia miamba ya kale sana iliyogeuzwa na joto na mkandamizo mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Miamba ya namna hiyo ndiyo inayotoa chokaa ya Kitui Kusini, na mchanga unaojaza mito ni unga wake. Haina tabaka nene za zeolaiti za ziwani. Volkeno zipo pembeni tu: uwanda wa Yatta, ambao ni lava iliyotiririka na kuganda kwa urefu wa karibu kilomita 300, na vilima vya Chyulu, changa kiasi kwamba vilitema moto hata katika karne ya 19. Mtafutaji wa zeolaiti mwenye akili timamu angeanzia pande za Chyulu na Kibwezi, kwenye majivu, wala asipoteze pesa kuchimba majabali ya Mutomo au Mwingi. Lakini tabaka ambazo vitabu vya kisayansi vimezithibitisha ziko Magadi.

Na Magadi si mbali na Makueni kama watu wanavyodhani. Je, wajua kwamba reli ya Magadi, iliyojengwa enzi za ukoloni kubeba magadi kwenda bandarini, inaungana na reli kuu ya zamani pale Konza? Konza hiyo hiyo ambako serikali inajenga jiji la teknolojia, ndani ya Makueni, jiji litakalokunywa maji ya Thwake. Jambo hili lina uzito wa pesa, kwa sababu zeolaiti ya asili ni jiwe la bei ya chini. Katika soko la Marekani tani moja ya matumizi ya viwandani au kilimo huuzwa kati ya dola 50 na 300 hivi. Jiwe la bei hiyo likisafirishwa mbali kwa lori, nauli hula faida yote. Dunia nzima huchimba takriban tani milioni moja kwa mwaka, China ikiwa mbele, na Slovakia, Korea Kusini na Uturuki ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa.

Kuchimba kwenyewe hakuna makuu. Ni machimbo ya wazi: udongo wa juu huondolewa, jiwe linavunjwa, linasagwa, linakaushwa, linachekechwa kwa ukubwa wa punje na kutiwa magunia. Hakuna zebaki wala sianidi kama kwenye dhahabu. Hatari yake ni vumbi, nalo nitalirudia hapa chini kwa sababu watu wamekufa.

Je, wajua ni zeolaiti kiasi gani ingehitajika kusafisha amonia ya Ruai? Tupige hesabu ya makadirio. Chukua mita za ujazo 160,000 kwa siku, kila mita ikiwa na gramu 30 za nitrojeni ya amonia, kiwango cha kawaida kwa majitaka ya mjini. Hizo ni kilo 4,800 kwa siku. Kilo moja ya klinoptilolaiti, ikifanya kazi kwenye majitaka halisi na si maabara, tuseme inanasa gramu 5. Utahitaji kilo 960,000, yaani tani 960, kila siku. Ni malori zaidi ya 30 ya tani 28. Kwa mwaka ni tani 350,000, karibu theluthi moja ya zeolaiti yote inayochimbwa duniani, kwa mtambo mmoja.

Anayekuja kwenye baraza na gunia la jiwe akisema litasafisha Athi wote, mwonyesheni hesabu hiyo.

Haimaanishi haiwezekani. Maana yake ni kwamba jiwe halitumiki mara moja likatupwa. Huoshwa kwa maji ya chumvi: sodiamu inarudi vyumbani, amonia inatoka, na jiwe linaanza upya. Mtambo wa Tahoe-Truckee huko California ulianza mwaka 1978 kutumia klinoptilolaiti kwa njia hiyo, na amonia iliyotolewa iligeuzwa mbolea ya amoniamu salfeti. Chumvi tunayo, pwani ya Kenya, kuanzia Gongoni hadi Marereni, imejaa mashamba ya chumvi. Na kabla ya zeolaiti, vijidudu vya mabwawani vifanye kazi ya awali ambayo ni rahisi zaidi, jiwe libaki kumalizia.

Mahali zeolaiti inapoweza kuanza leo ni padogo kuliko Ruai: machinjio ya mji kama Wote au Kitui, shule ya bweni yenye wanafunzi mia kadhaa, kiwanda cha kusindika maembe, hospitali ya kaunti. Hapo majitaka ni machache, amonia ni nyingi, na pipa lililojazwa punje linaweza kuoshwa na fundi mmoja. Hata banda la kuku linanufaika, maana punje zikichanganywa na maranda ya sakafuni hunasa amonia inayowasha macho na kuumiza mapafu ya kuku na mfugaji. Jiwe likishashiba amonia ya kuku, lipelekwe shambani. Litaiachia nitrojeni polepole, na katika udongo wa kichanga wa Kitui ambao mvua moja kubwa huosha mbolea yote, hilo ni jambo la maana kwa mtama, mahindi na mboga. Jiwe lililotumika kwenye majitaka ya viwandani lisifike shambani kamwe. Limebeba risasi na ndugu zake.

Je, wajua zeolaiti haiwezi nini? Visima vingi vya Ukambani vina maji ya chumvi, na baadhi vina floraidi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, kiwango ambacho kikizidi meno ya watoto huwa ya kahawia. Floraidi ina chaji hasi. Zeolaiti ya asili, yenye chaji hasi nayo, huifukuza badala ya kuinasa, isipokuwa imetibiwa kwanza kwa aluminiamu au kemikali nyingine. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilifanikiwa kupunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa, njia tofauti kabisa. Chumvi ya mezani iliyoyeyuka kisimani pia haiondolewi na zeolaiti. Wala haiui vijidudu vya kipindupindu. Maji yaliyopita kwenye zeolaiti bado yachemshwe au yatiwe klorini.

Inachokiweza, inakiweza kweli. Baada ya ajali ya nyuklia ya Three Mile Island nchini Marekani mwaka 1979, zeolaiti ilitumika kunasa seziamu na strontiamu zenye mionzi kwenye maji yaliyochafuka. Ilitumika tena Chernobyl baada ya ajali ya 1986, na Fukushima baada ya tetemeko la 2011 magunia yake yalitumbukizwa baharini karibu na mtambo. Zeolaiti za kiwandani zimo hata kwenye sabuni ya unga: Ulaya ziliwekwa mahali pa fosfati, ile inayonenepesha mwani mitoni.

Sasa vumbi. Je, wajua kwamba kuna zeolaiti inayoua? Inaitwa erionaiti. Umbo lake ni la nyuzinyuzi, nyembamba kama za asbesto, na zikivutwa hubaki kwenye mapafu miaka na mikaka. Katika vijiji vya Karain, Tuzköy na Sarıhıdır huko Kapadokia, Uturuki, watu walijenga nyumba kwa jiwe laini la volkeno la hapo hapo. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari waligundua kwamba saratani ya utando wa mapafu, ambayo kwingineko ni nadra sana, ilikuwa ikiua sehemu kubwa ya wanakijiji, wake kwa waume, wasiowahi kufanya kazi kwenye kiwanda chochote cha asbesto. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka erionaiti kwenye Kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Huko North Dakota, Marekani, ilikuja kugundulika kwamba mamia ya kilomita za barabara za vijijini zilimwagwa changarawe yenye erionaiti, na kila gari lililopita liliitimua.

Na zeolaiti iliyoripotiwa kwa wingi kwenye majivu ya Magadi ni ipi? Erionaiti.

Hapo ndipo shauku ya jiwe la bei nafuu lazima isimame kidogo. Mtu hawezi kutofautisha erionaiti na klinoptilolaiti kwa macho. Zote huweza kuonekana kama jiwe jepesi, jeupe au la kijivu. Kipimo kipo, nacho ni cha kawaida kwenye maabara za jiolojia: unga wa jiwe hupigwa eksirei, na mpangilio wa miale inayorudi huonyesha madini yaliyomo. Darubini ya elektroni huonyesha kama kuna nyuzi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua lori moja.

Je, wajua sheria inawapa nini watu wa mahali penye madini? Kwa Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016, mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Makueni ilikwenda hatua moja mbele kwa mchanga wake ilipopitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, baada ya miaka ya malori kukomba mito usiku, visima vya mchangani kukauka, na watu kupigana mpaka kuuana. Wakamba wanajua madini yanaweza kuondoka na maji. Ujuzi huo ni mali, na utumike kabla ya jiwe la kwanza kung'olewa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kibwezi, Mutomo au Mavindini, siku mwekezaji atakapoitisha baraza la kutoa maoni kuhusu zeolaiti, ya kuchimbwa kwako au ya kuletwa kutoka kwingine, mwombe karatasi mbili kabla ya kuunyosha mkono: ripoti ya eksirei ya maabara huru inayotaja aina ya zeolaiti na kusema wazi kama ina erionaiti, na mpango ulioandikwa wa jinsi jiwe lililoshiba litakavyooshwa na litakakopelekwa. Asiyekuwa nazo aambiwe arudi akiwa nazo.